Kidole Kilichotumwa Mbale

Namatala, Mbale
11 Juni 2025

Kwa Mwalimu Burhan Isiko, Kimaka, Jinja.

Salamu nitakuletea siku utakayozistahili.

Mimi ni Nusifa. Nauza mchele na maharage hapa soko la Namatala, kibanda kinachotazama bomba la maji. Ukisema hunijui nitashangaa, maana umeniandika kama mtu aliyekulia nyumbani kwangu.

Nazungumzia hicho kijitabu chako cha jalada la kijani, *Kuuza, Kupima na Kusimulia*, ambamo unawafundisha watoto misemo ya Waingereza kwa Kiswahili. Umefika kwenye msemo wao wa kuweka kidole gumba juu ya mizani, ukaeleza kwamba maana yake ni kupunja kwa siri, halafu ukatoa mfano: "Nusifa wa Namatala huweka kidole juu ya mizani, ndiyo maana gunia lake haliishi."

Shule ya binti yangu Twaibah imekinunua kitabu hicho. Mwalimu akamwita asimame asome ukurasa huo. Akasoma. Akasoma vizuri, kwa sababu ni mtoto anayesoma vizuri, na darasa likacheka mpaka mwalimu naye akacheka. Siku hizi watoto wakitoka shule wanapita mbele ya kibanda changu wakiiimba sentensi yako kwa makofi, na mama zao wanafuata nyuma, wananitazama vidole, kisha wanakwenda kununua kwa Zaituni jirani yangu. Idi iliyopita nilibaki na mchele wa kula mwenyewe.

Sikupigii simu, kwa sababu maneno ya simu hayana mahali pa kuyashika. Nataka uandike na utie sahihi, nimwonyeshe mwenyekiti wa soko: ni lini uliniona nikiweka kidole? Barua hii anayo Siraje, dereva wa teksi ya Jinja. Jibu mpe yeye.

Nimekisoma kitabu chako chote, usidhani sisi wa sokoni vitabu tunafungia sukari tu. Umesema Waingereza wana msemo wa kumuuza mtu upande wa chini wa mto, yaani kumsaliti. Mto mnao nyinyi wa Jinja. Mbale haiko chini ya mto wenu, lakini umenifikisha.

Nusifa
(yule wa kitabuni)


Kimaka, Jinja
16 Juni 2025

Bi Nusifa,

Assalamu alaykum. Mimi nakuletea zangu hata kama zako umezifungia kabatini.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikairudia nimekaa, mara ya tatu nikaomba maji. Nikuambie ukweli: vitabu vyangu huwa vina wasomaji wa aina mbili tu, mkaguzi wa shule na panya, na panya ndiye humaliza. Kusikia kwamba kuna mtu Mbale amekisoma kimoja mpaka mwisho, tena kwa hasira, nusura nimwite mke wangu Jaliah aje asikie. Nikakumbuka hasira yenyewe ni juu yangu, nikaghairi.

Dada yangu, Nusifa wa kitabuni si wewe. Yule nilimwokota hewani. Mwalimu akitaka mfano hutafuta jina na mahali vinavyopendeza masikioni: Nusifa, Namatala. Sikia vinavyotembea pamoja. Namatala kwenyewe nimepita tu, nikiwa dirishani kwa basi, nikielekea harusini Soroti. Kidole chako sijawahi kukiona na nakiombea afya.

Na hicho Kiswahili kikali umekipata wapi? Wanafunzi wangu wangekuwa na nusu yake ningestaafu kwa amani.

Kijitabu kikichapwa tena nitarekebisha. Nitaandika: "Nusifa wa Namatala haweki kidole juu ya mizani." Watoto wataimba hiyo, nawe utauza kuliko chapati za asubuhi. Kwa sasa tulia. Mizani nyoofu haiogopi sentensi.

Wako katika chaki,
Burhan Isiko


Namatala, Mbale
23 Juni 2025

Mwalimu,

Kiswahili changu ni cha Malaba, mpakani. Nilikipata nikiuza mahindi kwa Wakenya kabla sijaolewa. Ni Kiswahili cha kuzuia kuibiwa. Kinanifaa leo.

Sasa sikia barua yako imefanya nini.

Mwenyekiti wa soko letu ni Mzee Lawrence Wanyera. Kiswahili hakisomi, na akikisikia mgongo wake unanyooka wenyewe, kwa sababu alikuwa kijana wakati wale waliokuwa wakikisema walikuwa askari wenye bunduki. Nilimpelekea barua nikiamini nampelekea ushahidi. Alipoona juu "Kimaka", na chini yake Kiswahili kitupu, akainuka kitini. Akavua kofia. Akaniuliza kwa sauti ya chini nimemkosea nini afande.

Nikamwambia si afande, ni mwalimu. Akasema ndiyo, Kimaka ndiko wanakofundishia maafande. Nikamsomea kwa kumtafsiria, neno kwa neno, kwa sababu sikutaka kuficha kitu. Mambo ya panya hakuyasikia. Mambo ya harusi hakuyasikia. Nilipofika kwenye mizani nyoofu haiogopi sentensi, akaninyamazisha kwa mkono, akasema, "Basi. Afande ameagiza mizani ipimwe."

Amemwita mtu wa vipimo wa serikali. Alhamisi ya tarehe tatu Julai mizani yangu itapimwa barazani, mbele ya soko zima, kama mtuhumiwa. Ikikutwa na ila, kibanda anapewa Zaituni, ambaye amekuwa akikitamani tangu mume wangu afariki. Mimi na Twaibah hatuna shamba. Tuna kibanda.

Utasema, kama mizani yako ni nzima hofu ya nini. Siogopi mizani. Naogopa watu, maana walikuwa wameshanihukumu kabla yako, wewe umewapa maneno tu. Unajua ile nyongeza: mtu akishapimiwa kilo yake, muuzaji anaongeza kiganja juu, mnunuzi anatabasamu. Mimi siongezi. Kilo yangu ni kilo. Anayeongeza kiganja ameshakitoa mahali, na mahali penyewe ni humo humo ndani ya kilo. Lakini kiganja kinaonekana kikitoka, kilichopunjwa hakionekani. Kwa hiyo Zaituni ni mkarimu na mimi ni mchoyo, na kutoka mchoyo hadi mwizi ni hatua fupi. Sentensi yako ndiyo iliyoivuka.

Na hiyo sentensi yako mpya ya "haweki" baki nayo. Nani humpita jirani asubuhi akamwambia, mke wako hajatoroka? Akishasema hivyo, jirani anarudi ndani kuhesabu nguo.

Alhamisi hiyo uje. Simama useme kwa mdomo wako.

Nusifa


Kimaka, Jinja
27 Juni 2025

Bi Nusifa,

Nilipoisoma habari ya Mzee Wanyera kuvua kofia, nilicheka, halafu nikaona aibu, halafu nikacheka tena kidogo. Nisamehe. Mimi nilikataliwa hata kwenye skauti kwa ajili ya unyayo bapa. Leo nimepandishwa cheo bila gwaride.

Kuja siwezi. Nina mitihani ya kusahihisha mpaka mezani hapaonekani, na goti langu la kushoto halipatani na safari. Nimemwandikia mwenyekiti barua nyingine, kwa Kiingereza safi, kumweleza kwamba mimi ni mwalimu wa kawaida mwenye kitambi na sina mamlaka hata juu ya kuku wangu. Siraje anayo.

Lakini na wewe, dada, usinitwishe soko zima. Umesema mwenyewe kwamba walikuwa wakikunung'unikia kabla ya kitabu. Kiganja kimoja cha nyongeza kingekugharimu nini? Watu hawali kilo, wanakula na uso wa muuzaji. Ungekuwa unaongeza punje chache na kutabasamu, sentensi yangu ingepita Namatala kama basi lile la Soroti. Sisemi una kosa. Nasema sikuwasha moto peke yangu, kuni zilikuwepo.

Nimesema kwa wema.

Burhan Isiko


Kimaka, Jinja
29 Juni 2025

Kwa huyo Nusifa,

Mimi ni Jaliah, mke wa Mwalimu. Nimezikuta barua zako chini ya mto wa kulalia. Nilidhani ni za mapenzi. Nimezisoma, nimeona ni za matusi, nikaona heri zingekuwa za mapenzi.

Muache mume wangu. Tangu uanze kumwandikia hali chakula vizuri, anaongea na ukuta, goti limevimba kwa mawazo. Mwanaume mzima wa umri wake anamwogopa muuza mchele.

Unalia kwa sentensi moja. Mimi hiyo sentensi ilinifika kabla yako na sikulia, niliifukuza. Alipoandika kile kitabu kwa mkono aliandika "Jaliah wa Kimaka huweka kidole juu ya mizani", akanisomea jioni akicheka, kwa sababu nina duka hapa na alidhani ni utani wa nyumbani. Nilimwambia kitabu hicho kikitoka na jina langu, yeye atatoka na godoro. Nikamwambia akitaka mfano aupeleke mbali, kwa watu wasiotujua. Akauliza wapi. Nikasema hata Mbale. Basi akaleta huko. Mtu mwenye akili hufanya nini akitupiwa takataka? Hufagia. Wewe unaandika barua.

Na hayo mahubiri yako ya nyongeza yabaki huko. Mimi nikipima sukari naongeza kiganja, na kwa mteja mzuri naongeza viwili, na duka langu halina nafasi ya kusimama. Wanaosema watu hawapendi nyongeza ni wale wasiopendwa.

Usiandike tena hapa.

Jaliah, mke wa Burhan Isiko


Namatala, Mbale
1 Julai 2025

Mwalimu,

Mke wako ameniandikia. Muulize alichosema, au usimuulize, ni wako.

Kwa hiyo hukuniokota hewani. Uliokota duka lako mwenyewe, mkeo akakataa, ukatafuta mji usio na watu. Ukaona Mbale. Ulipita dirishani, ukaona mabati yetu, ukasema hapa panafaa kutupa.

Mwisho kabisa wa kitabu umeweka msemo wa magamba kuanguka machoni, yaani kuuona ukweli uliokuwa umefichika. Yangu yameanguka.

Alhamisi asubuhi. Goti lako lipande teksi ya Siraje. Usipokuja, barua ya mkeo nitaisoma mimi barazani, kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya afande.

Nusifa


Namatala, Mbale
5 Julai 2025

Mwalimu,

Siku ile uliondoka haraka, sikupata nafasi ya kukuambia yaliyonikaa kooni. Nayaandika.

Ulikuja. Hilo sitalikana. Ulishuka kwenye teksi ukichechemea, kofia ya kitambaa kichwani, na Mzee Wanyera akakupigia saluti, kwa sababu barua yako ya Kiingereza aliisoma akasema afande mkubwa hujificha hivyo hivyo. Ungemkatalia pale pale ningekuheshimu. Wewe ukamrudishia saluti. Watu wakacheka. Ukapenda walivyocheka, nikakuona, ukaendelea.

Ukawaeleza kuhusu panya na mkaguzi. Ukawaeleza kuhusu goti. Ukasema Nusifa wa kitabuni hana nyama wala mifupa, na huyu wa hapa ni mama mwaminifu, na watu wakaitikia kama walio harusini. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya mizani yangu kama bibi harusi asiyeulizwa.

Aliyeniokoa si wewe. Ni mimi nilipomwambia mwenyekiti kwamba afande hakutaja mizani ya Nusifa, alisema mizani nyoofu, basi zote zipimwe. Akakutazama. Angalau hapo ulikubali kwa kichwa. Na ghafla, Mwalimu, nusu ya soko wakawa na msiba. Kila mmoja ana shangazi aliyefariki Sironko. Mizani ya Zaituni ikawa kwa fundi, na fundi akawa amesafiri. Mtu wa vipimo akaweka mawe yake kwenye sahani yangu, sindano ikasimama inapotakiwa kusimama, akaandika, akabandika kibandiko chake cha serikali. Kibanda kimebaki changu.

Unafikiri nimeshinda. Waliorudi kutoka misibani hawanisalimu. Wanasema mimi ndiye niliyepeleka maneno kwa mwenyekiti. Jana nilikuwa mwizi, leo ni mmbeya. Kitabu chako kina msemo wa hilo pia, wa kutoa hadithi nje ya shule. Kila nikikifungua najikuta humo.

Sasa neno la mwisho. Mbele ya watu wote nilikuuliza kwa sauti: hiyo sentensi ilikuwa ya nani kabla ya kuwa yangu? Ukakohoa. Ukasema, "Ilikuwa ya hewani, dada." Barua ya mkeo ilikuwa hapa kiunoni, chini ya mshipi wa gauni langu la gomesi. Sikuitoa. Usidhani nilikuhurumia. Twaibah alikuwa amesimama mbele, na sikutaka amsikie mama yake akishinda kwa barua ya siri, yaani akiweka kidole juu ya mizani, kile walichokuwa wakisema nafanya.

Lakini ninayo bado. Kitabu kikichapwa tena, kidole hicho kirudi kwao. Sitaki jina la mkeo, hakukiandika yeye. Weka lako.

Nusifa


Kimaka, Jinja
4 Agosti 2025

Bi Nusifa,

Assalamu alaykum.

Ndani ya bahasha hii kuna kijitabu kipya, jalada jekundu safari hii. Fungua penye mizani: "Burhan wa Kimaka huweka kidole juu ya mizani, ndiyo maana gunia lake haliishi." Endelea kufungua. Anayeuza watu upande wa chini wa mto ni Burhan. Anayetoa hadithi nje ya shule ni Burhan. Hata yule wa magamba ni yeye. Nilipomaliza nilijihisi mtu mashuhuri. Mhariri aliniuliza kama nagombea ubunge.

Nimelipokea kila ulilosema, na lile la saluti limeniuma zaidi, kwa sababu kweli niliipenda. Mtu aliyezoea kuchekwa na watoto akichekewa na watu wazima hulewa.

Sasa sikia kilichotokea, ucheke kama unaweza. Shule za hapa zimenunua nakala zote. Watoto wa Kimaka wananisindikiza asubuhi kwa makofi, na ile sauti uliyoniandikia mwezi wa sita, sasa naijua. Mimi wataniimba watachoka. Tatizo ni kwamba Burhan wa Kimaka hana mizani. Mizani iliyopo nyumbani kwa Burhan wa Kimaka ni moja, na iko dukani kwa Jaliah.

Wateja wake wameanza kumtazama vidole. Akiongeza kiganja, badala ya kutabasamu wanaulizana kwa macho kimetoka wapi. Juzi mke wa jirani alinunua sukari, akaenda kuipima tena Buwenge kwa dada yake, akarudi na mfuko mkononi, akaurudisha juu ya kaunta. Wengine wakauona. Duka ambalo halikuwa na nafasi ya kusimama, sasa lina nafasi ya kulala, na ndiko ninakolala. Haongei nami. Chakula napakuliwa kwa kipimo kamili, bila nyongeza.

Nakuomba jambo, nami najua sina uso wa kuomba. Jina lako limesafishwa na serikali, lina kibandiko, na huku wameshasikia habari zako kwa Siraje. Ukiandika mistari miwili kwa mkono wako, kwamba sentensi ile ni ya kitabuni tu na haihusu duka la mtu yeyote, nitaibandika mlangoni pa duka. Watu watakuamini wewe kuliko mimi. Neno moja tu, dada yangu, na nyumba yangu itasimama.

Burhan Isiko


Namatala, Mbale
9 Agosti 2025

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Hiyo umeistahili.

Kitabu chekundu nimekipata. Twaibah ameusoma ukurasa ule kwa sauti hapa kibandani, amesimama, na aliposema jina lako hakutabasamu. Nimemwuliza mbona. Amesema, "Huyu naye ana watoto?" Ni wewe unayejua.

Wanunuzi wameanza kurudi, mmoja mmoja, wanasimama mbali kidogo na kunyoosha mkono. Nyongeza bado siitoi.

Umeniomba neno la kubandika mlangoni kwa mkeo. Kusema kwamba duka lake ni safi siwezi, sijawahi kuipima mizani yake, nami si mtu wa kuandika nisichokiona. Lakini neno ninalo, na wala si langu. Ulinipa mwenyewe tarehe kumi na sita Juni, ukaniambia nitulie nalo. Libandike kwa herufi kubwa, na chini yake mkeo aweke mizani barazani:

Mizani nyoofu haiogopi sentensi.

Nusifa wa Namatala